Jibu la mtaalamu: Kwa nini Centaur ilivunjwa mapema, na Hermes ikadumu mpaka 2017?

*Swali: Baba yangu alikuwa kijana wa Kunduchi Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi. Mpaka leo anasimulia kwamba aliona meli kubwa ya Waingereza baharini, na helikopta zikitoka kwake kwenda kambi ya Colito. Anasisitiza kwamba mojawapo ilikuwa ndefu, yenye mapanga mbele na nyuma. Nimetafuta habari za meli hiyo nimebaki nimechanganyikiwa. Wapo wanaosema ni Centaur na kwamba ilizamishwa na Wajapani. Wengine wanasema iliuzwa India ikafanya kazi mpaka 2017. Wengine wanasema ilikatwakatwa mwaka 1972 kwa sababu ilijengwa vibaya, au kwa sababu Uingereza ilifilisika. Mzee hakubali kabisa kwamba chombo kile kiliishi miaka michache hivyo. Ukweli ni upi? Na kwa nini mtu avunje meli nzima? Pia ana ganda la shaba aliloliokota karibu na kambi siku zile, anasema ni la mzinga wa meli hiyo. Naweza kulipeleka kwa fundi alichonge liwe pambo?*

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kumuumiza mtu. Usilipeleke kwa fundi. Usilisugue, usilitoboe, usilitie kwenye moto, na watoto wasilichezee.

Mzinga wa meli unapofyatuliwa, kinachoruka kwenda nchi kavu ni kichwa cha risasi. Ganda lililobeba baruti hubaki palepale melini, hudondoka sitahani likiwa la moto, mabaharia hulisukuma pembeni. Kwa hiyo ganda lililookotwa ardhini karibu na kambi haliwezi kuwa limetoka baharini. Centaur, meli ya kubeba ndege ambayo ndiyo mzee wako aliiona, hata haikuwa na mizinga mikubwa. Ilikuwa na Bofors za milimita 40 za kujikinga na ndege. Mizinga iliyosikika asubuhi ile ilitoka kwa manowari ndogo iliyofuatana nayo, Cambrian, iliyofyatua ili kuwazubaisha waasi wakati helikopta zinatua. Ganda la mzee basi limetoka kwenye silaha iliyofyatuliwa palepale ardhini, siku ile au siku nyingine kabisa, kwa kuwa kambi ni mahali pa mazoezi ya kila mwaka.

Angalia bila kuligusa. Kama upande mmoja uko wazi na ndani ni tupu, hatari imepungua lakini haijaisha: kitakoni huwa na fataki ambayo inaweza kuwa haijalipuka. Kama limezibwa pande zote, lina ncha au lina mapezi mkiani, hilo si ganda, ni kombora. Piga picha ukiwa mbali, nenda kituo cha polisi, toa taarifa. Peleka taarifa tu. Kitu chenyewe kibaki kilipo. Wao wataita wataalamu wa mabomu wa JWTZ. Mimi siwezi kukwambia ni salama kwa kusoma maelezo, na mtu yeyote atakayekwambia hivyo kwa simu usimsikilize. Wakishalikagua na kulirudisha, lihifadhi jinsi lilivyo, na kutu yake na doa lake. Likisuguliwa likang'aa, alama zilizopigwa kitakoni zinafifia, na alama hizo ndizo zinazoeleza ni la silaha gani na la mwaka gani.

Sasa tuje kwenye meli.

Mzee wako ana kumbukumbu nzuri kuliko wengi wanaoandika habari hizi. Helikopta ndefu yenye mapanga mbele na nyuma ni Belvedere, na Belvedere haikuwa helikopta ya wanamaji. Ilikuwa ya jeshi la anga la Uingereza. Maasi yalianza usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Centaur ilikuwa Aden. Ilipakia haraka makomando wa majini wa kikosi cha 45, magari madogo ya deraya aina ya Ferret, na Belvedere mbili zilizokuwa zikihudumu Aden, ikashuka kusini. Helikopta zake yenyewe zilikuwa Wessex, zenye panga moja kubwa juu na dogo mkiani. Mtu aliyebuni hadithi baadaye angesimulia helikopta za kawaida. Yule aliyeona Belvedere inatoka baharini kuja Dar es Salaam, ameona Centaur, asubuhi ya tarehe 25 Januari 1964.

Unajua yaliyofuata. Mwalimu Nyerere aliomba msaada ule kwa uchungu, na hakuficha kwamba kuwaita tena wakoloni wa jana kulinda serikali ilikuwa fedheha kwa nchi. Februari aliita mawaziri wa nchi huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza, na tarehe 1 Septemba mwaka uleule JWTZ likaundwa. Colito leo ni Lugalo. Nayataja haya kwa sababu meli ile inahusiana na historia ya nchi yako, haikuwa inapita njia tu.

Habari ya kuzamishwa na Wajapani imetokana na kugongana kwa majina. Kweli ilikuwapo Centaur iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani, Mei 1943, karibu na pwani ya Queensland. Hiyo ilikuwa meli ya hospitali ya Australia, na watu 268 walikufa. Ilizama mwaka mzima kabla Centaur ya mzee wako haijaanza kujengwa. Wanamaji wa Uingereza nao wana desturi ya kurudia majina, na desturi hiyo inawapoteza wasomaji wengi. Kuna Hermes iliyozamishwa na ndege za Kijapani karibu na Ceylon tarehe 9 Aprili 1942, na hiyo ni moja ya sababu meli nyingine za kundi la Waingereza la Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, Mombasa. Kisha kuna Hermes nyingine iliyoingia kazini 1959. Kuna Ark Royal iliyozama karibu na Gibraltar Novemba 1941, ya pili ya 1955 na ya tatu ya 1985. Ukisoma jina, tafuta mwaka kwanza.

Iliyouzwa India ni Hermes ya 1959. Ni dada wa damu wa Centaur, na ndiyo maana watu wanazichanganya. Mchoro wa msingi ulikuwa mmoja, meli zikawa nne: Centaur, Albion, Bulwark na Hermes. Zote zilianza kujengwa mwaka 1944 na 1945, vita vikiwa havijaisha. Centaur ilijengwa Belfast, ikaingia majini 1947 na kukabidhiwa kwa wanamaji Septemba 1953. Ilistaafu 1965. Ndiyo, ndugu yangu, miaka 12 tu ya kazi. Baada ya hapo ikafungwa gatini kama bweni la mabaharia ambao meli zao zilikuwa katika ukarabati, na mwaka 1972 ikauzwa, ikavutwa mpaka Cairnryan, Scotland, ikakatwa. Hermes ikateremshwa bendera kwa mara ya mwisho Machi 2017, ikiwa inaitwa Viraat, miaka 57 tangu ilipoanza kazi.

Kwa nini dada mmoja aondoke mapema hivyo? Hapa ndipo kosa kubwa lilipo katika uliyoyasoma. Watu hudhani meli hustaafu kwa kuzeeka, kwamba chuma kimeliwa na mitambo imechoka, kwa hiyo ikistaafu mapema lazima ilikuwa mbovu. Kwa meli ya mizigo hilo lina ukweli. Kwa meli ya kubeba ndege, bodi huwa ndiyo sehemu inayodumu zaidi. Kinachoiua ni ndege. Ndege za kivita hubadilika kila baada ya miaka michache, na kila kizazi huja kizito kuliko kilichotangulia na kutua kwa kasi zaidi. Meli haikui. Ni kama mtu mwenye pikapu nzima kabisa ambaye kazi yake imegeuka kuwa ya kubeba mawe ya ujenzi: gari halina ubovu wowote, ila mzigo umelizidi.

Tazama namba. Centaur na dada zake walichorwa kupokea ndege za mpaka tani 13 na nusu, na wachoraji walidhani wameacha nafasi kubwa, kwa kuwa wakati wa vita ndege nyingi za melini zilikuwa chini ya nusu ya hapo. Ilipoanza kazi ilibeba Sea Hawk, jeti ndogo ya tani saba hivi. Miaka kumi baadaye, siku mzee wako alipoiona, ilikuwa ikibeba Sea Vixen, ambayo ikijazwa mafuta na silaha inakaribia tani 19. Iliyokuwa njiani ni Buccaneer mpya, tani 28 hivi, na Phantom isiyopungua sana hapo.

Uzito ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kasi. Ndege inapotua melini hunasa kwa ndoano ya mkiani mojawapo ya kamba nene za waya zilizotandazwa sitahani. Kamba hizo zimefungwa kwenye mitambo iliyo chini ya sitaha, na mitambo hiyo ndiyo inayomeza mshtuko wote ndani ya makumi ya mita tu. Nguvu ya kumezwa haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inapanda mara nne. Ndege ya propela ya enzi za vita ilikuja taratibu. Jeti ya miaka ya 60 ilikuja kwa kasi zaidi sana, na nzito mara kadhaa. Ukibadilisha mitambo ya kunasia, unakuta sitaha iliyo juu yake haitoshi unene. Ukiongeza unene wa sitaha, meli inakuwa nzito juu na inayumba zaidi. Ukiipanua chini ili itulie, inapungua mwendo.

Halafu kuna kurusha. Simama kwa mawazo mbele ya sitaha ya Centaur. Ndege inasogezwa mpaka kichwa cha manati, yaani mtambo wa kuirushia, chuma kidogo kinachochungulia kwenye mfereji mrefu uliokatwa sitahani. Mabaharia wanainama chini ya mbawa, wanaifunga ndege kwa waya mnene, wanakimbia pembeni. Rubani anafungua injini mpaka mwisho. Ofisa anashusha bendera, mvuke unaachiliwa ndani ya mapipa mawili marefu chini ya mfereji, na ndani ya sekunde mbili au tatu ndege imetoka kwenye kusimama ikawa hewani. Mfereji unabaki unafuka. Mvuke huo unatoka kwenye boila zilezile zinazozungusha rafadha, mapanga yanayoisukuma meli majini. Centaur ilikuwa na boila nne na rafadha mbili, mwendo wake wa juu noti 28, kama kilomita 52 kwa saa. Ndege nzito inataka mvuke mwingi kwenye manati, na palepale inataka meli ikimbie kwa kasi ili upepo wa mbele uisaidie kunyanyuka. Meli ya tani 27,000 haina mvuke wa kutosha kufanya yote mawili kwa Buccaneer iliyojaa, hasa katika joto la Bahari ya Hindi ambako hewa ni nyepesi na mara nyingi upepo hamna.

Waingereza walikuwa mabingwa wa kutafuta njia ya kupita hapo. Manati ya mvuke ni ubunifu wao, ilijaribiwa kwenye meli Perseus kuanzia 1950. Sitaha ya kutulia iliyopindishwa pembeni, ili ndege ikikosa kamba iruke tena bila kugonga zilizoegeshwa mbele, ni yao. Kioo cha taa kinachomwonyesha rubani kama yuko juu au chini ya njia sahihi, ni chao pia. Wamarekani walivichukua vyote vitatu na wakavijengea meli kubwa mara mbili. Waingereza walibaki kuvipachika kwenye meli zilizochorwa kabla havijafikiriwa. Centaur ilipata manati ya mvuke kati ya 1956 na 1958, na ukarabati ule ndio ulioipa maisha mpaka 1965. Bila huo ingekwisha mapema zaidi.

Kwa hiyo haikujengwa vibaya. Ilijengwa vizuri kwa ndege ambazo zilikuwa zimekwisha kupitwa wakati inakabidhiwa.

Hermes iliokolewa na jambo ambalo wakati ule lilionekana balaa: ilichelewa. Vita vilipokwisha fedha zikakatwa, ikabaki gatini Barrow haijamalizika kwa miaka. Iliingia majini 1953, mwaka uleule Centaur inaanza kazi. Katika kuchelewa huko wahandisi walibadilisha michoro, wakaipa sitaha iliyopindishwa zaidi, lifti ya ndege iliyo ubavuni, rada kubwa ya kisasa na manati ya mvuke tangu mwanzo. Ilipotoka 1959 ilikuwa dada wa Centaur kwa jina tu.

Hata hivyo nayo ilishindwa na Phantom. Kilichoirefushia maisha baada ya hapo ni kwamba walibadilisha kazi yake mara kwa mara na kila mara wakaipa ndege nyepesi kuliko Phantom. Mwaka 1971 waliing'oa manati na kamba za kunasia, ikawa meli ya helikopta na makomando. Mwaka 1980 wakaiwekea mbele sitaha iliyoinuka nyuzi 12 kwa ajili ya Sea Harrier, jeti isiyozidi tani 12 inayoruka kwa mbio fupi na kutua wima kama helikopta. Ghafla yale yote yaliyomwua dada yake hayakuhusu tena. Ikaongoza kundi la meli zilizokwenda kwenye vita vya visiwa vya Falkland 1982, ikauzwa India 1986, na Wahindi wakaendelea na Sea Harrier hizo mpaka 2016. Ndege zilipokwisha, meli ikafuata.

Kwa nini Centaur haikugeuzwa vivyo hivyo? Kwa sababu nafasi za meli za makomando zilikuwa zimekwisha kushikwa na Bulwark mwaka 1960 na Albion mwaka 1962. Ya tatu ingetaka mabaharia zaidi, na mabaharia ndio waliokuwa adimu kuliko hata fedha. Ark Royal peke yake ilihitaji watu zaidi ya 2,500, marubani na mafundi wa ndege wakiwamo. Hilo watu hulisahau. Meli ya aina hii ni mji unaotembea, na mji usio na wakazi haufai kitu.

Uingereza haikufilisika, lakini ilibanwa kwelikweli. Februari 1966 serikali ilifuta meli kubwa mpya iliyokuwa ikichorwa, CVA-01. Waziri wa wanamaji Christopher Mayhew na mkuu wa wanamaji Admirali David Luce wakajiuzulu kwa hasira. Novemba 1967 thamani ya pauni ikashushwa, na Januari 1968 ikatangazwa kwamba majeshi yataondoka mashariki ya Suez. Hapo ndipo meli hizi zilipopoteza kazi yenyewe. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya Aden, Singapore, na dharura kama ile ya Dar es Salaam ambako hakukuwa na uwanja wa ndege wa kutumia bila kuomba. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba jeshi la anga lingefanya kazi hiyo kutoka visiwani, na kimojawapo kilichofikiriwa ni Aldabra, kaskazini ya Madagaska, jirani yenu kabisa. Aldabra ikafutwa nayo baada ya pauni kushuka. Kwa hiyo wakabaki hawana meli mpya wala kisiwa.

Ukiniuliza mimi, kustaafisha Centaur lilikuwa jambo sahihi, ingawa najua jibu hilo halitamfurahisha mzee. Ninayoisikitikia ni Eagle. Nayo watu wa pwani wanaweza kuikumbuka: mwaka 1966 ilikaa siku 71 mfululizo baharini kwenye doria ya kuzuia mafuta ya Rhodesia yasiingie Beira. Ilikuwa imetoka tu kwenye ukarabati uliokwisha 1964 kwa pauni milioni 31. Phantom zilikuwa zimejaribiwa juu ya sitaha yake, na zilitua na kuruka. Mwaka 1972 ikastaafishwa, ikafungwa Plymouth, na kwa miaka wakawa wanaing'oa vipuri kuipa Ark Royal, ambayo ilikuwa chakavu zaidi na ilikuwa ikiharibika mara kwa mara. Walichagua Ark Royal kwa kuwa ukarabati wake wa kubeba Phantom ulikuwa umekwisha kulipiwa. Ile ilikuwa hasara ya kweli, na sababu yake haikuwa ufundi.

Kuhusu kuvunja, usidhani ilifanywa kwa chuki. Meli iliyokaa bila kazi hula fedha kila siku: pampu, walinzi, rangi, kupandishwa chelezoni chini yake kukaguliwe. Njia za kukwepa kuivunja ni mbili. Ya kwanza ni kuiuza, na Uingereza iliuza nyingi ndogo baada ya vita, kwa Ufaransa, Uholanzi, India, Brazil, Argentina na Australia. Lakini mnunuzi lazima awe na ndege, marubani na mabaharia wa kuiendesha, na kufikia 1972 meli ya ukubwa wa Centaur ilikuwa kubwa mno kwa nchi ndogo na ndogo mno kwa jeti mpya. Njia ya pili ni kuifanya makumbusho. Wamarekani wanazo kadhaa, ukifika New York utapanda Intrepid, San Diego utapanda Midway. Uingereza haijahifadhi hata moja nzima. Viraat yenyewe ilipiganiwa mpaka mahakamani India, ikaishia ufukwe wa Alang ambako walikuwa wamekwisha kuanza kuikata. Chuma cha meli ya mita 225 kinachokaa katika maji ya chumvi kinataka tajiri mwenye subira ya miaka mingi, na matajiri wa namna hiyo ni wachache.

Hujauliza, ila wengi huuliza kama meli mbili za sasa, Queen Elizabeth ya 2017 na Prince of Wales ya 2019, zitafuata njia hiyo. Ni kubwa kweli, tani 65,000, na zimekusudiwa kuishi miaka 50. Lakini hazina manati wala kamba za kunasia. Serikali iliamua 2010 kuziwekea, kisha Mei 2012 ikaghairi ilipoona gharama. Zinategemea aina moja ya jeti, F-35B, inayoruka kwa mbio fupi na kutua wima. Siku jeti hiyo itakapostaafu bila mrithi wa namna yake, zitakuwa pale ilipokuwa Centaur 1965, hata chuma chake kiwe kizima. Mimi hilo linanitia wasiwasi kuliko hitilafu za rafadha ambazo magazeti yalizipigia kelele 2022 na 2024. Rafadha inatengenezeka.

Sasa upande wa mzee. Kabla hujamsomea jibu hili, mwonyeshe picha tatu za helikopta bila majina, Wessex, Belvedere na moja isiyohusika, umuulize aliona ipi. Rekodi sauti yake akijibu. Muulize alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, nani mwingine alikuwepo, walisema nini. Usimsahihishe katikati. Ushahidi wa raia aliyeona tukio lile akiwa ufukweni ni adimu, maana karibu kila kilichoandikwa kimeandikwa na askari wa pande mbili na wanasiasa. Rekodi hiyo ipelekeni kwa mkono Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mzungumze na mtu ana kwa ana, kwa kuwa atataka kumuuliza mzee mwenyewe maswali ambayo mimi na wewe hatutayafikiria.

Kwa upande wa meli, vitabu vya safari za manowari za Uingereza viko katika Nyaraka za Taifa za nchi hiyo, Kew, London, kwenye mfululizo unaoitwa ADM 53. Orodha yake inasomeka bure mtandaoni. Tafuta Centaur, Januari 1964. Nakala inalipiwa, na bei yake hupanda haraka kurasa zikiwa nyingi, hivyo kama una ndugu London ni nafuu zaidi aende mwenyewe, achukue kadi ya msomaji na apige picha kurasa za tarehe 20 mpaka 30. Humo kuna saa na mahali meli ilipokuwa. Ukizilinganisha na anachosema mzee kuhusu jua na upande aliokuwa akitazama, utajua kama kutoka Kunduchi aliiona Centaur yenyewe au Cambrian iliyokuwa karibu zaidi na nchi kavu.